Mashujaa wa Karatasi Waliofika Chala

Mwaka 1996 mwanamke ambaye damu yake nusu ni ya Kenya alimwangusha Wonder Woman kwa radi, na ushindi huo alipewa na wasomaji kwa kura. Mwanamke huyo ni Storm, mhusika wa vitabu vya katuni vya Marvel. Mama yake, N'Daré, ameandikwa kuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya, na baba yake ni mpiga picha Mmarekani. Len Wein alimtungia hadithi na Dave Cockrum akamchora, akatoka kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Miaka 21 baadaye akakutanishwa na shujaa wa kampuni pinzani. Wonder Woman alikuwa amefanikiwa kuinua nyundo ya Thor, ambayo haiinuliwi na yeyote asiyestahili, lakini akaona si haki kupigana nayo. Akaiweka kando, akapigwa.

Mambo haya nimeyajulia kibarazani kwangu hapa Chala, barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Namanyere. Mimi ni fundi cherehani. Vijana wanaosubiri suruali zipunguzwe huulizana maswali ya chemshabongo kuhusu mashujaa hawa, na siku nyingi mguu wangu husimama juu ya pedeli nikiwasikiliza. Wanajua kwamba DC na Marvel, wapinzani wa miaka mingi, waliwakutanisha Superman na Spider-Man mwaka 1976. Wanajua kwamba katika mfululizo ule wa 1996 yalikuwepo mapambano 11, matano kati yake yakaamuliwa kwa kura za wasomaji: Superman akamshinda Hulk, Batman akamshinda Captain America, Wolverine akamshinda Lobo, Spider-Man akamshinda Superboy, na Storm kama nilivyosema. Wanamjua hata mchoraji George Pérez, aliyeanza kuchora mkutano wa makundi mawili makubwa, Justice League na Avengers. Kampuni zikashindwa kuelewana, kazi ikafutwa mwaka 1983. Alisubiri miaka 20 kabla kazi hiyo haijatoka, 2003 na 2004, naye akaichora yote. Mwaka 2022, akiwa mgonjwa mahututi, ilichapwa tena nakala 7,000 tu kwa heshima yake, na mwaka huohuo akafariki.

Ni elimu nzuri, sina neno nayo. Lakini juzi niliwauliza swali langu: nani alimchora Lodi Lofa? Wakatazamana. Mmoja akasema, "Fundi, huyo Lodi Lofa ndiye nani?"

Basi nawaandikia wao na wenzao.

Katuni na hadithi za picha zilifika Ufipa kwa malori. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974, na kwa miaka mingi baadaye barabara yetu ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Gazeti lililochapwa Dar es Salaam lilifika Mbeya kwa basi au kwa treni ya TAZARA, likapanda gari hadi Tunduma, likapita Laela, likaingia Sumbawanga. Kutoka hapo lilitegemea malori yaliyokwenda Kirando na Kipili kuchukua samaki wa Ziwa Tanganyika. Utingo ndiye aliyekuwa wakala wetu. Alishuka hapa Chala na magazeti chini ya kwapa, mengine ya mwezi uliopita, mengine hayana jalada. Baba yangu mdogo, aliyenifundisha cherehani, aliyapokea yote bila kuchagua.

Yeye alianza na Lance Spearman. Huyu alitoka kwenye jarida la African Film, lililochapishwa na kampuni ya Drum ya Jim Bailey kuanzia mwaka 1968 na kusambazwa Afrika Magharibi na Mashariki. Halikuwa la kuchorwa. Watu halisi walipigwa picha, maneno yakawekwa kwenye viputo juu ya vichwa vyao. Spear alikuwa mpelelezi mweusi, mwenye kofia safi, tai ya kipepeo na gari la kasi, akipambana na majambazi na wanasayansi wenye wazimu. Nchi zetu zilikuwa zimepata uhuru miaka michache tu, na kumwona Mwafrika kwenye ukurasa akiwa hamfuati bwana yeyote bali anaongoza mwenyewe kulikuwa jambo kubwa. Baba mdogo alisimulia kwamba wateja walikuja na jarida mkononi, wakaweka kidole juu ya picha na kusema wanataka koti lilivyokaa hapo begani. Kitambaa kilikuwa kaki. Alikishona hivyohivyo, nao walikwenda nacho misa ya Jumapili misheni wakitembea kwa mwendo wa Spear.

Kiingereza cha African Film kilikuwa ukuta kwa wengi. Aliyeuvunja ni Faraji Katalambula, yuleyule wa riwaya ya Simu ya Kifo ya mwaka 1965. Jarida lake, Film Tanzania, lilichukua mtindo uleule wa picha na viputo, likauleta kwa Kiswahili na kwa sura za watu wa kwetu. Kwenye gazeti la Uhuru nako alikuwepo Chakubanga wa Christian Gregory, mtu wa kawaida mwenye tamaa za kawaida, aliyewachekesha wakubwa na wadogo miaka ya Azimio la Arusha. Chakubanga alikuwa peke yake ndani ya mchoro wake. Kilichokuja baadaye ndicho kilichotuteka sisi wa umri wangu.

Kilichokuja ni Sani. Walioianzisha ni Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na kwenye jina la jarida mna mwanzo wa majina yao wote wawili. Ndani yake aliishi Lodi Lofa, aliishi Ndumilakuwili, aliishi Komredi Kipepe, aliishi Pimbi, na alikuwepo Madenge, mtoto mtundu ambaye kila mwalimu aliyepata kufundisha darasa la tatu anamfahamu. Mkono uliowapa uhai kuliko wowote ni wa Philip Ndunguru. Alizaliwa mwaka 1962, akafariki mwaka 1986. Hesabu mwenyewe: kijana wa miaka 24 hivi, na alikuwa ameshaijaza nchi nzima watu wa wino ambao wasomaji waliwajadili kama majirani.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipigania. Wamarekani walihitaji mikataba, wanasheria na miaka ya kuvutana ili shujaa wa hadithi hii aingie kwenye hadithi ile. Sisi tulikuwa nalo tayari. Lodi Lofa na Ndumilakuwili hawakufungiwa kila mmoja kwenye kurasa zake. Waliishi mji mmoja. Pimbi aliweza kutokea katika kisa cha mwenzake, Kipepe akaingilia, mmoja akatapeliwa na mwingine, wakagombea msichana mmoja, wakaachwa wote. Mshono uliowaunganisha ulikuwa maisha yenyewe ya mjini: kukosa fedha, kutafuta ujanja, kuumbuka. Hakuna aliyeruka angani. Uwezo wao ulikuwa ulimi, na udhaifu wao ulikuwa ulimi huohuo.

Kwa mtoto wa Chala hilo lilikuwa somo la mji kabla ya kuuona. Nilimjua tapeli wa Dar es Salaam kabla sijafika hata Mbeya.

Tuliyasoma magazeti hayo kwa utaratibu maalumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa imetoka vitani na kila kitu kilikuwa cha foleni, kuanzia sabuni hadi kanga. Karatasi nayo ilikuwa adimu. Kiwanda cha Mgololo kilikuja kuanza kazi mwaka 1985. Nakala moja ya Sani ilihudumia kijiji. Baba mdogo hakumruhusu mtu kuondoka nayo. Ulisomea palepale kibarazani, na malipo yake yalikuwa kazi: kupukuchua mahindi yake, kumchotea maji, au kutoboa matundu ya vifungo ukishajua sindano. Mwenye sauti alisoma, wengine tulijibana nyuma yake tukitazama picha. Mwezi Juni, upepo wa Ufipa unapokata mifupa, tulikaa chini ya blanketi moja na karai la mkaa, na msomaji ndiye aliyepewa nafasi ya karibu na moto.

Usiku hadithi ziliendelea bila karatasi. Bibi alikuwa na sungura wake na fisi wake, na habari za wahunzi wa kale waliojenga tanuru refu kupita mtu, malungu, ambayo mabaki yake bado yanaonekana kwenye nyanda zetu. Wahunzi hao waliyeyusha chuma hapahapa kabla ya majembe ya dukani. Sisi wajukuu tulimwingiza Ndumilakuwili kwenye hadithi za bibi. Tulimfanya amdanganye fisi, kisha sungura akamdanganya yeye. Binamu yangu alimleta Lance Spearman Ufipa bastola yake imeharibika, akawa anatafuta mhunzi wa kuitengeneza. Bibi hakukasirika. Aliuliza tu huyo Spear ni mtoto wa nani, na alipoambiwa hajulikani ukoo, akampa ukoo. Siku nyingine yeye mwenyewe ndiye aliyeanza: "Basi Madenge akamkuta sungura kisimani..." Nimewasikiliza vijana wakieleza mfululizo wa 1996 kwa undani wote, na sijaona mkutano wa mashujaa unaoupita ule.

Tulipokuwa wakubwa ubishi ulihamia kwenye riwaya. Elvis Musiba alikuwa ametuletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, mpelelezi anayetumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa. Ben Mtobwa, mtu wa Kigoma, jirani yetu wa ziwa lilelile, akaleta Joram Kiango na Nuru wake. Je, wakikutana nani atamweza mwenzake? Upande wa Gamba ulitaja mafunzo na serikali iliyo nyuma yake. Upande wa Joram ulisema mtu asiye na bosi hatabiriki. Mimi nilikuwa wa Joram na bado ni wa Joram. Mtobwa alifariki mwaka 2008, na kama tungekuwa na jarida la kuuliza wasomaji wapige kura, nina hakika kura za Rukwa zingejaa gunia.

Ndunguru alipoondoka, watu wake hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliwashika, akiwemo John Kaduma, kama vile Superman wa mwaka 1938 alivyopita mikononi mwa wachoraji wengi baada ya Siegel na Shuster. Miaka ya 1990 magazeti yaliporuhusiwa kuwa mengi, katuni zilifurika. James Gayo akatupa Kingo, asiyehitaji hata neno moja ili aeleweke. Mwaka 2010 Kenya ilianza Shujaaz, ambamo DJ Boyie anarusha redio yake kwa siri na vijana wengine wenye visa vyao wanaunganishwa na sauti yake, na mwaka 2015 jarida hilo likavuka hadi Tanzania. Ni ukoo uleule wa Lodi Lofa, ingawa hawa wamepewa kazi ya kufundisha kilimo na afya, jambo ambalo Lodi asingekubali.

Na zile nakala za kibarazani? Baadhi zilifungia mandazi. Baadhi zilisokotewa tumbaku. Nyingi, nasema kwa uchungu, zilikatiwa vipimo: mafundi tulizitumia kutengenezea umbo la kola na la mfuko kabla mkasi haujagusa kitambaa, kwa sababu karatasi nyingine haikuwepo. Nilizobaki nazo ziko kwenye sanduku la bati, zimefungwa kwa kitambaa cha ndani cha koti ili panya na unyevu visizifikie. Kijana aliyeniuliza Lodi Lofa ni nani alikaa nazo hadi jioni, suruali yake ilikuwa tayari tangu saa nane.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, uwe Namanyere, Mpanda, Mbeya au Dar es Salaam, panda darini, fungua masanduku ya wazazi. Ukikuta Sani, ukikuta Film Tanzania, hata kama ni kurasa tatu zilizochanika, usiwashie moto. Zipige picha kwa simu, andika tarehe iliyo juu, zipeleke kwenye maktaba ya mkoa au shule iliyo karibu, na umwambie mwanao jina la Philip Ndunguru.