Breki za Baiskeli ya Mlima: Zilikotoka, na Ubadilishe Nini Kwanza

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, unaposhusha gunia la viazi kutoka mlimani kwenda gulioni, uhai wako umeshikwa na vipande vidogo vya raba. Kabla hujampa fundi hela ya breki mpya, pitia historia yake kidogo. Itakuonyesha hela hiyo ianzie wapi.

Breki za mwanzo zilikuwa kipande cha chuma kilichobonyezwa juu ya tairi lenyewe. Wakati huo tairi lilikuwa mpira mgumu, likavumilia. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo. Tairi hilo laini lililiwa upesi na chuma kile, hivyo breki ikahamia kwenye rimu au ndani ya habu. Ndipo zikaja breki za vyuma ambazo babu zetu walizijua kwenye baiskeli za Raleigh. Rimu zake za chuma hushika zikiwa kavu, lakini zikilowa mvua raba huteleza.

Baiskeli ya mlima yenyewe ilizaliwa Marekani, huko Marin, jimbo la California. Miaka ya 1970 vijana wa huko walichukua baiskeli nzito za zamani, nyingi za Schwinn, wakashindana kushuka barabara ya vumbi karibu na mji wa Fairfax. Mashindano yalianza mwaka 1976. Njia ilishuka karibu mita 400 ndani ya kilomita zisizofika 4, na Gary Fisher aliimaliza kwa dakika 4 na sekunde 22.

Breki yao ilikuwa ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume, iliyofichwa ndani ya habu. Ilichemka hadi grisi ikaungua na kutoa moshi, ikabidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Ndiyo maana njia ile iliitwa Repack, yaani "jaza upya". Wakafunga breki za rimu na mikono ya breki ya pikipiki. Mwaka 1996 Shimano wakaleta V-breki, yenye mikono mirefu inayobana rimu kwa nguvu zaidi. Baadaye breki za diski zikaenea.

Funzo ni hili: breki hugeuza mwendo kuwa joto. Uzito wote, yaani wewe, baiskeli na mzigo, ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara mbili. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Wale vijana walibadilisha breki kwa sababu ya mteremko wao. Nawe angalia mzigo wako, mteremko wako na mvua ya kwenu.

Anza na kilicho rahisi. Safisha rimu, ondoa mafuta yote, weka raba mpya na waya mpya. Raba iguse rimu tu. Ikigusa tairi italipasua. Mara nyingi hapo tatizo huisha.

Pili, kama rimu zako ni za chuma na unasafiri masika, weka za alumini. Raba huzishika vizuri zaidi zikilowa.

Tatu ni V-breki. Fremu na foki ziwe na vijiti vya kuifungia. Nunua pamoja na mikono yake ya usukani, kwa sababu V-breki huvuta waya mrefu zaidi. Ukibaki na mikono ya zamani, utabana hadi igonge usukani.

Diski iwe ya mwisho. Hufanya kazi vizuri kwenye tope na mvua, lakini inataka habu yake na sehemu ya kuifungia kwenye foki na fremu. Tone la mafuta kwenye diski linaharibu kazi yote. Uliza kwanza kama pedi zake zinapatikana dukani kwenu.

Hata ukiwa na breki nzuri, usiibane mfululizo mteremko mzima. Rimu ikichemka sana, tyubu hupasuka. Punguza mwendo kabla ya kona, bana na kuachia, tumia breki zote mbili. Mteremko ukiwa mkali, shuka uikokote. Utachelewa kidogo, lakini wewe na viazi mtafika.