Penina Muhando na jukwaa la watoto alilolitoa Ukaguru

Ukitoka Mvumi ya Kilosa (si ile ya Ugogo yenye hospitali ya misheni, ingawa wageni huzichanganya) ukafika Dumila na kushika barabara kuu ya kwenda Dodoma, tambarare za bonde la Wami zinabaki nyuma na gari linaanza kupanda vilima vya Ukaguru. Kabla ya Gairo kuna njia inayochepuka kwenda Berega, misheni ya Waanglikana yenye hospitali inayojulikana wilaya nzima. Huko Berega, mwaka 1948, alizaliwa Penina Muhando.

Wasomaji wa tamthilia wanalijua jina hilo kwenye majalada. Vyuoni na maofisini anajulikana zaidi kama Profesa Penina Mlama. Wanaopanga orodha za waandishi wa watoto nchini huwa hawamweki. Wanamtaja Elieshi Lema, wanamtaja Richard Mabala, wanautaja Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, na wote hao wanastahili. Muhando wanamweka kwa watu wazima, pamoja na Ebrahim Hussein. Mimi naona wamekosea rafu. Kazi kubwa ya mwanamke huyu, ukiifuata toka mwanzo hadi mwisho, ni swali moja: mtoto anafundishwaje kwa mchezo, na lini anaruhusiwa kuutunga yeye mwenyewe?

Swali hilo alilikuta nyumbani. Wakaguru ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwao malezi ya binti ni jambo la ukoo mzima. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliingia Ukaguru katika karne ya 19, wakaweka makao Mamboya na baadaye kwingineko, wakaleta kanisa, shule na dawa. Shule ilichukua asubuhi ya mtoto. Jioni ilibaki kwa bibi, na hadithi za Sungura anayemzidi Fisi akili. Mwanaanthropolojia Mmarekani Thomas Beidelman, aliyefika Ukaguru mwaka 1957, alikusanya nyingi za hadithi hizo na kuzichapisha kwa Kiingereza kwa miaka mingi iliyofuata. Kulikuwa pia na unyago, pamoja na ngoma, nyimbo na maigizo yake, ambayo wamisionari waliyatazama kwa jicho la shaka.

Binti wa Berega aliyatazama kwa jicho jingine. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako idara ya sanaa za maonyesho ilianzishwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, kisha akabaki hapo kufundisha. Mwaka 1981 jarida la The Drama Review la Marekani lilichapa makala yake kuhusu digubi, ngoma ya Wakaguru, akiieleza kuwa ni sanaa ya maonyesho iliyokamilika, yenye wachezaji, watazamaji, mpangilio na ujumbe. Mwaka 1983 akamaliza tasnifu ya udaktari, na mada yake ilikuwa sanaa za maonyesho za jadi kama chombo cha kufundishia, mfano ukiwa Wakaguru. Yaani alichokiita shule ni kilekile ambacho shule ya misheni ilikiita ushenzi. (Tasnifu yenyewe aliiandika kwa Kiingereza, kama chuo kilivyotaka. Bibi aliyemsimulia mtafiti mambo hayo asingeweza kuisoma.)

Tamthilia, hata hivyo, aliziandika kwa Kiswahili. Hatia ilitoka mwaka 1972, Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974, Pambo mwaka 1975, Talaka si Mke Wangu mwaka 1976. Vitabu vitano ndani ya miaka mitano, naye hajafika umri wa miaka 30. Kwa uamuzi huo alilipa gharama: wenzake wa Afrika walioandika kwa Kiingereza walisomwa London na New York, yeye akasomwa Iringa na Tanga. Mwaka 1990 aliitetea njia hiyo katika jarida la Research in African Literatures, bila majuto yoyote.

Tukumbuke jukwaa la mtoto wa Tanzania lilikuwaje wakati huo. Lilikuwa la ngonjera. Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeupa umbo utungo huo wa kujibizana, na Ngonjera za UKUTA zilipochapishwa baada ya kifo chake zilienea mashuleni kama moto wa kiangazi. Mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi nchini humu anaijua picha yake: wanafunzi wawili wamesimama mbele ya mgeni rasmi, mmoja anajifanya mjinga, mwingine anamwelimisha kwa vina na mizani, mwishoni mjinga anakubali. Siidharau ngonjera. Iliwapa watoto wenye aibu ujasiri wa kusimama mbele ya watu na kutoa sauti. Ila maneno yalikuwa ya mwalimu, na jibu lilijulikana kabla ya swali.

Muhando na wenzake wakaanza kulipindua hilo. Mwaka 1982 na 1983, pamoja na Amandina Lihamba, aliyezaliwa mkoa huohuo wa Morogoro, na Eberhard Chambulikazi, alifanya kazi Malya, wilayani Kwimba. Hawakwenda na mchezo mkononi. Waliwauliza wanakijiji matatizo yao, na moja lililojitokeza ni mimba za wanafunzi. Mchezo ukatungwa hapohapo, kwa ngoma na nyimbo za Kisukuma, ukachezwa mbele ya watu waliokuwa wakizungumzwa ndani yake, kisha mjadala. Utaratibu huo huo ulipelekwa baadaye vijiji vingine, kikiwemo Mkambalani, karibu na mji wa Morogoro. Mwaka 1991 akauandikia kitabu.

Katikati ya safari hizo ilitoka Nguzo Mama, mwaka 1982, tamthilia ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na sita wameichambua mpaka kurasa zikachanika. Katika kijiji cha Patata kuna nguzo imelala chini, na wanawake wanatakiwa kuisimamisha. Wanaitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, hivyo hivyo hadi Bi Nane. Kila mmoja ana lake linalomvuta, na nguzo haisimami. Yupo pia Bi Msimulizi, anayeiongoza hadithi na kuzungumza na watazamaji. Wachambuzi wengi humweleza kwa nadharia zilizotoka Ulaya. Aliyekaa jioni nje ya nyumba ya bibi yake Berega, Magubike au Mvumi hahitaji nadharia hizo kumtambua.

Mwaka 1996 yeye na Lihamba walianzisha Tuseme katika shule za sekondari. Ndipo swali la mtoto kutunga mwenyewe lilipojibiwa. Wasichana wanakusanywa bila walimu wao kusimama vichwani. Wanaulizwa: nini kinakuzuia kusoma? Mwanzoni kimya, halafu yanatoka. Kuteka maji na kupika kabla ya kufungua daftari. Mwanamume anayesubiri njiani na zawadi. Mwalimu mwenye mkono mrefu. Mzazi anayepokea mahari. Kila tatizo linachimbwa hadi chanzo, kisha wasichana wanaligeuza kuwa igizo, wimbo au shairi lao. Siku ya onyesho, walimu, wazazi na wavulana wanakaa chini na kutazama. Baada ya hapo mjadala unaanza, na mwalimu mkuu analazimika kujibu mbele ya kadamnasi. Klabu ya Tuseme inabaki shuleni kufuatilia yaliyoahidiwa.

Mtu akisema hiyo ni miradi tu na si fasihi, namwelewa, maana miradi imetuchosha. Lakini shairi analolitunga msichana wa miaka 15 kuhusu njia ya kwenda kisimani, akaliigiza mbele ya baba yake, ni fasihi ya watoto kuliko vitabu vingi vyenye picha ya tembo. Muhando alipokwenda Nairobi kuliongoza shirika la FAWE la elimu ya wasichana Afrika, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Tuseme ilienea katika nchi nyingine kadhaa za bara hili, na wavulana nao wakaingizwa.

Baadaye alikuwa wa pili, baada ya Issa Shivji, kukikalia Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Serikali ilipoanzisha Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ikisimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, yeye ndiye aliyepewa uenyekiti wa kamati ya kitaifa. Washindi wa kwanza, wa riwaya na ushairi, walitangazwa Aprili 2023. Nyanja ya hadithi za watoto iliongezwa baadaye, na miswada inapokelewa kwa Kiswahili.