Pembe za Kasongo: Kuinuka na Kuanguka kwa Nyumba ya Tippu Tip

Karibu na mji wa Kasongo wa leo kuna mahali panapoitwa Tongoni, yaani kwenye mahame. Mji uliokuwapo hapo ulitekwa Aprili 22, 1893. Daktari Mwingereza aliyefuatana na askari wa Dola Huru ya Kongo, Sidney Hinde, aliandika walichokikuta: vitanda vya nakshi, magodoro ya hariri, vyandarua, mishumaa, sukari, viberiti, bilauri za fedha na za kioo. Nje kulikuwa na michungwa, mipera na mikomamanga, na mashamba makubwa ya mpunga.

Kila kitu hapo kililipiwa kwa pembe za ndovu, na pembe zilifika pwani juu ya mabega ya watu, wengi wao mateka.

Mwenye utajiri huo alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyezaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Watu wa bara walimwita Tippu Tip, kwa mlio wa bunduki zake. Mtaji haukuwa wake: mfanyabiashara Mhindi wa Unguja, Taria Topan, alimkopesha bidhaa, naye akalipa kwa pembe. Alipofika nchi ya Utetera, huko bara, alitumia ulimi badala ya risasi. Alimwambia chifu Kasongo Rushie kwamba yeye ni mjukuu wa dada wa chifu huyo, aliyetekwa zamani. Mzee akaamini, akamwachia utawala pamoja na pembe zake. Hadithi hiyo Tippu Tip aliisimulia mwenyewe kwa fahari, katika kitabu cha maisha yake alichokiandika kwa Kiswahili.

Ujanja uliposhindwa, ilitumika baruti. Kijiji kilivamiwa alfajiri, wanawake na watoto wakafungwa, na ndugu zao wakaambiwa walete pembe wawakomboe. Vijana hodari kati ya mateka walipewa bunduki, wakaitwa waungwana, wakatumwa kuvamia kijiji cha jirani. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya nyumba hii, na ndiyo dhambi yake kubwa: ilimgeuza aliyeporwa kuwa mporaji. Ngongo Lutete ndiye mfano wake. Alikulia utumwani, akajikomboa kwa ushujaa vitani, akawa bwana wa Ngandu kwenye mto Lomami, na pembe alizokusanya zilikwenda Kasongo.

Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kupitia kwa mpelelezi Henry Stanley, alimfanya Tippu Tip gavana wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Leopold, ilipokuwa dhaifu ilimlipa mtu ambaye isingeweza kumpinga. Mwaka 1890 alirudi pwani, na Kasongo ikabaki mikononi mwa mwanawe, Sefu.

Miaka miwili baadaye kamba ilikatika. Ngongo Lutete alishindwa vitani na Francis Dhanis, ofisa wa Dola, na Septemba 1892 akahamia upande wake. Pembe za Lomami zikaacha kwenda Kasongo. Sefu alidai akabidhiwe Ngongo, akatoka na jeshi. Mikononi mwake alikuwa na mateka wawili, Wabelgiji waliokuwa wawakilishi wa Dola mjini Kasongo, Lippens na Sajini De Bruyne.

Novemba De Bruyne aliletwa ukingoni mwa Lomami azungumze na wenzake wa ng'ambo. Walimuuliza kwa lugha yao kama anajua kuogelea. Wapiga shabaha walikuwa wamejificha tayari kumlinda. Alikataa kumwacha Lippens peke yake, akageuka, akarudi. Wote wawili waliuawa Kasongo Desemba.

Mji wa Nyangwe ulianguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata. Sefu aliuawa vitani Oktoba. Rumaliza, tajiri wa Ujiji aliyekuja kuokoa biashara, alijenga maboma ya miti na kupigana hadi Januari 1894. Mji wa Kabambare ulipotekwa mwezi huo alikimbilia eneo la Wajerumani. Tippu Tip alikuwa Unguja. Alifia huko Juni 1905.

Ngongo Lutete hakufika hata mwisho wa vita alivyosaidia kushinda. Septemba 1893 maofisa wa Dola walimshitaki kwa uhaini, wakamhukumu katika baraza la kijeshi na kumpiga risasi palepale Ngandu. Pembe sasa zilikuwa za Leopold. Watu wa Ngongo walitiwa jeshini, lakini hawakusahau. Julai 1895 askari wa kituo cha Luluabourg, wakiwemo watu hao, waliasi na kumuua kamanda wao, Pelzer. Mwaka 1897 msafara wa Dhanis mwenyewe uliasi kaskazini, na mwaka uliofuata waasi hao, wakishuka kusini na bunduki za Dola, waliiteka Kabambare.