Antena ya Dijitali, au Antena ya UHF?

Ganshoren ni manispaa ndogo kaskazini-magharibi mwa Brussels, na kando ya barabara ya Charles-Quint pamejaa maghorofa. Wakazi wengi hutazama televisheni kwa kebo, kwani Ubelgiji ilianza kutandazwa kebo tangu miaka ya 1960. Ndiyo maana VRT, shirika la utangazaji la umma la lugha ya Kiholanzi, lilipozima matangazo yake ya antena tarehe 1 Desemba 2018, walalamikaji hawakuwa wengi. RTBF, la Kifaransa, liliendelea kurusha. Asiyetaka ankara ya kila mwezi alibaki na sababu ya kwenda dukani, na huko anauziwa "antena ya dijitali".

Jina hilo linavuma hata Dar es Salaam, ambako mitambo ya analojia ilianza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012. Kwa muuzaji ni jina zuri. Kwa mnunuzi halisemi kitu. Antena ni vyuma vinavyonasa mawimbi na kuyageuza kuwa umeme mdogo sana. Haijui wimbi limebeba analojia au dijitali. Kazi ya kujua ni ya king'amuzi, na hapo Kiswahili kilipatia: kung'amua ndiko hasa kunakofanyika ndani ya kisanduku kile. Antena ya Yagi, ile yenye fimbo nyingi juu ya mhimili mmoja, ilibuniwa Japani miaka ya 1920 na Shintaro Uda pamoja na Hidetsugu Yagi, na leo inapokea dijitali bila kubadilishwa hata msumari.

Kinachoamua ni masafa. Televisheni ya dijitali ya ardhini hutumia zaidi UHF, yaani masafa ya juu zaidi kuliko VHF ya zamani. Kwenye megahezi 500, wimbi lina urefu wa sentimita 60, na fimbo inayolipokea vizuri ni takriban nusu yake, sentimita 30, sawa na rula ya mwanafunzi. Kwa hiyo lile liantena la VHF lenye fimbo ndefu halifai, hata likipakwa rangi mpya. Mimi ningeandika "antena ya UHF" kwenye boksi, basi.

Zamani mawimbi hafifu yalileta chenga, na mpira ukatazamwa hivyo hivyo. Dijitali haina chenga: picha ni safi, mara inakatika miraba miraba na kuganda, kisha giza. Wengi hapo hukimbilia kununua kipaza mawimbi, kumbe nacho hupaza hata uchafu uliomo kwenye waya.

Kabla ya kutoa pesa, uliza mnara uko upande gani, na kama unarusha kwa fimbo zilizolala au zilizosimama. Zako zifuate hivyo hivyo. Iweke antena dirishani upande huo au juu ya paa, mbali na zege, kisha tafuta chaneli upya. Na hakikisha king'amuzi chako kinasoma DVB-T2, kiwango cha kurushia matangazo ya dijitali, pale inapotumika, kama Kenya na Tanzania. Kisiposoma, antena hata iwe ya bei gani haitakusaidia.