FUNDI NA WAYA: FUNZO LA HISTORIA KUTOKA LIULI

Tunapozungumzia maendeleo ya mawasiliano katika nchi yetu, mara nyingi tunahesabu nguzo, waya, minara na mitambo. Ni nadra kuhesabu mafundi. Hilo ni kosa la mtazamo, kwa sababu chombo hakijiendeshi wala hakijitengenezi. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha, kwa kuanzia mwambao wa Ziwa Nyasa, kwamba taifa lenye mitambo lakini lisilo na mafundi wa kutosha bado halijakamilisha uhuru wake.

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliingia katika ghuba ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhaven. Liuli ilikuja kuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, na tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Nyasa. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakujua kwamba Uingereza na Ujerumani zilikuwa vitani tangu tarehe 4 Agosti, yaani siku tisa nzima. Rhoades, nahodha wa Guendolen, alikwisha kupata habari na amri. Inasimuliwa kwamba mzinga ulipolia, Berndt alipanda mashua kwenda kumwuliza Rhoades, ambaye walikuwa wakifahamiana, kama amelewa. Akatekwa palepale.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, lakini mwanafunzi wa historia anapaswa kuuliza sababu. Upande wa Nyasaland ulikuwa na waya wa simu uliojengwa na kampuni ya beberu Cecil Rhodes. Waya huo ulifika Blantyre mwaka 1895, ukaendelea kaskazini kando ya ziwa mpaka Ujiji. Upande wa Liuli habari ilichelewa, na aliyechelewa kupata habari alishindwa kabla hajapigana.

Waya huo ulihitaji watu. Katika shule ya misheni ya Livingstonia, iliyoanzishwa mwaka 1894 ng'ambo ya ziwa, vijana wa Kiafrika walifundishwa useremala, uchapaji na kazi ya simu. Vijana hao walithibitisha kwamba Mwafrika anaweza kazi hiyo. Hata hivyo, walifundishwa kupeleka na kupokea habari za wenye kampuni. Mpango wa waya ulipopita, na faida yake, havikuwa vyao. Hapa tunaona tofauti kati ya kumfunza mtu kutumikia chombo na kumfunza mtu kukitawala.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1948, shule kuu ya mafunzo ya posta na simu kwa Kenya, Uganda na Tanganyika ilianzishwa Nairobi. Katika utumishi wa kikoloni vyeo na mishahara vilipangwa kwa rangi ya mtu, na utaalamu ulirundikwa katika mji mmoja. Uhuru wa mwaka 1961 ulibadili bendera siku moja. Ramani ya utaalamu haikubadilika kwa kasi hiyo.

Yapo majaribio yaliyofuata njia nyingine. Reli ya TAZARA ilipojengwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea kazi za reli, pamoja na mawasiliano. Ujenzi na mafunzo vilikwenda sambamba. Jambo hili lastahili kukumbukwa na kila anayetia sahihi mkataba wa mtambo mpya: ni nani atakayeutengeneza mjenzi akiondoka?

Mwaka 1977 tulilipa gharama ya kulisahau swali hilo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Shule ya Nairobi ilibaki ng'ambo ya mpaka, na vilevile kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970. Ikabidi tuunde Shirika letu la Posta na Simu na kupanga mafunzo yetu wenyewe katika kipindi kigumu cha uchumi.

Mwaka 1994 shirika hilo liligawanywa. Mwaka 2001 sehemu ya hisa za kampuni ya simu iliuzwa kwa wageni. Mwaka 2016 zikarudishwa zote mikononi mwa serikali. Hisa hununuliwa na kurudishwa kwa hati. Utaalamu uliopotea haurudi kwa hati. Huchukua miaka ya kusomesha.

Leo waya wa shaba umepishana na mkongo. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa ulianza mwaka 2009, na mwaka huohuo mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika baharini, na intaneti ikayumba nchini kote. Tulisubiri meli ya mafundi iliyotoka Cape Town. Miaka 110 baada ya Liuli, swali lilikuwa lilelile.

Na adui wa leo haji na mzinga. Huja na ujumbe mfupi: "Ile hela itume kwenye namba hii." Mkulima wa kahawa wa Mbinga aliyepokea malipo yake kwa simu anaweza kuibiwa jasho la msimu mzima akiwa ameketi barazani kwake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu mwizi akikamatwa. Kumzuia asiingie ni kazi ya fundi anayeelewa mtandao unavyofanya kazi, na ya mwananchi aliyeelimishwa na fundi huyo.

Tufanye nini? Wamatengo wa Mbinga wana jibu milimani mwao. Kilimo cha ngoro, kinachozuia udongo usichukuliwe na mvua kwenye miteremko mikali, kimedumu vizazi kwa vizazi. Wanaume hufyeka na kulaza majani kwa mistari, wanawake huchimba na kufukia, na watoto hujifunza kwa kushika jembe. Shimo likibomoka, hakuna anayesubiri mtaalamu kutoka mjini. Utaalamu ulioenea kwa wengi haukatiki.

Mafunzo ya ufundi wa mitandao hayana budi kufuata kanuni hiyo. Mamlaka ya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Songea. Kijana wa Lituhi au Mbamba Bay afundishwe humo kuunga mkongo, kupanda mnara kwa usalama, kutunza betri na kulinda mitambo dhidi ya wavamizi wa mtandao, kwa lugha anayoielewa. Kisha apewe kazi kwao. Makada nao waache kuhesabu minara peke yake katika taarifa zao. Kando ya kila mnara waandike pia jina la kijana wa hapo awezaye kuuwasha ukizimika. Nafasi ya jina hilo ikibaki tupu, wajue kwamba kazi haijakwisha.