Kuunguza matairi: Ufundi, gharama na mahali pake

MOSHI mweupe unaotanda nyuma ya gari la kasi, huku gari lenyewe likiwa limesimama palepale, ni kivutio kikubwa katika viwanja vya mashindano ya magari. Wengi hudhani kuwa hizo ni mbwembwe tupu za vijana. Hata hivyo, kuunguza matairi kulianza kama kazi ya maana katika mashindano, na hadi leo kuna kanuni zake.

Kwa ufupi, kuunguza matairi ni kuyazungusha kwa kasi magurudumu yanayosukuma gari bila gari kwenda mbele. Jambo hilo hutokea pale nguvu ya injini inayofika kwenye magurudumu inapozidi uwezo wa tairi kushika lami. Tairi huteleza, msuguano huzaa joto kali, na mafuta yaliyomo ndani ya mpira hugeuka mvuke. Mvuke huo unapopoa hewani ndio unaoonekana kama moshi.

Asili yake

Nchini Marekani, mashindano ya magari kwenye njia iliyonyooka yenye urefu wa robo maili, yaani takriban mita 402, yalipata chombo cha kuyasimamia mwaka 1951, Wally Parks alipoanzisha chama cha NHRA. Baadaye ikabainika kuwa tairi lililopata joto hushika njia vizuri kuliko tairi baridi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuanza mbio dereva hupitisha magurudumu ya nyuma kwenye sehemu iliyomwagiwa maji, huyazungusha hadi yatoe moshi, kisha husogea kwenye mstari. Maji hurahisisha tairi kuanza kuteleza, na mzunguko unaofuata huondoa vumbi na kulainisha mpira.

Miguu miwili, pedali tatu

Katika gari la gia za mkono, ugumu unatokana na hesabu hiyo: dereva ana miguu miwili, lakini pedali ni tatu, yaani klachi, breki na ekseleta. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, dereva huweka gia ya kwanza au ya pili, hukanyaga klachi, hupandisha kasi ya injini, kisha huiachia klachi kwa mara moja. Mguu wa kushoto ukishatoka kwenye klachi huhamia haraka kwenye breki kulizuia gari, huku wa kulia ukibaki kwenye ekseleta. Breki ikizidi, injini huzimika. Ikipungua, gari huondoka.

Klachi ikiachiwa polepole, kinachoteleza si tairi bali pleti ya klachi, na harufu ya kuungua husikika kabla ya moshi wowote wa tairi kuonekana. Breki ya mkono nayo haifai, kwani katika magari mengi hukamata magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayotakiwa kuzunguka.

Ili kuepuka tatizo hilo, magari ya mashindano hufungwa kifaa kinachozuia breki za mbele pekee na kuyaacha huru magurudumu ya nyuma. Kampuni ya Ford iliweka kifaa cha kielektroniki cha aina hiyo katika Mustang GT ya mwaka 2015, ikisisitiza kuwa ni cha kutumika kwenye viwanja vya mashindano tu.

Difu nayo ina nafasi yake. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye gurudumu linaloteleza zaidi, hivyo mara nyingi tairi moja tu ndilo huungua. Difu yenye kufuli huyafanya yote mawili yazunguke pamoja.

Gharama

Tairi huisha kwa muda mfupi, nyuzi zake za chuma hutokeza, na hatimaye hupasuka. Vipande vyake vinaweza kuchana bodi au kukata mipira ya breki. Kwa kuwa gari limesimama, halipati upepo wa mbele wa kupoza rejeta, na injini hupata joto haraka. Shafti nazo huweza kukatika pale gurudumu lililokuwa likiteleza linaposhika lami kavu ghafla. Kubwa zaidi ni moto, kwani joto na vipande vya mpira vinapokutana na mafuta yaliyovuja, gari linaweza kuwaka.

Kutoka mitaani hadi uwanjani

Nchini Afrika Kusini, mchezo wa kuzungusha magari ulikua katika vitongoji vya Soweto katika miaka ya 1980, na kihistoria unahusishwa na mazishi ya wahalifu. Gari lililopata sifa zaidi ni BMW 325i la zamani, lililopewa jina la utani la "gusheshe". Mwaka 2014, chama cha michezo ya magari cha nchi hiyo kiliutambua rasmi kuwa mchezo.

Nchini Australia, tamasha la Summernats hufanyika kila Januari jijini Canberra. Mwaka 2019 magari 126 yaliunguza matairi kwa wakati mmoja na kuweka rekodi ya dunia. Nchi hiyohiyo ina sheria kali kwa wanaofanya hivyo barabarani. Katika majimbo kama Queensland na Victoria, polisi wanaweza kulizuilia gari la mhusika.

Sababu ya tofauti hiyo imo katika tairi lenyewe. Tairi linaloteleza hupoteza pia sehemu kubwa ya uwezo wa kulizuia gari lisiende kando. Mteremko mdogo wa barabara, au breki kuachiwa kidogo, hutosha kuufanya mkia wa gari uyumbe, na moshi humziba dereva asione anakoelekea. Uwanjani, upande huo huwa na ukuta wa zege, dereva huvaa kofia ngumu na nguo zisizoshika moto kirahisi, na wazima moto husubiri karibu. Barabarani, upande huo huwa na watu waliosimama kutazama.