Mlowezi, si Kimelea

Kipeperushi kilichonifikia majuzi, kilichotafsiriwa kwa baraka za kamati ambayo sitaitaja, kinawaonya wanawake juu ya "fibroidi vimelea baada ya upasuaji wa tundu la ufunguo". Hilo tundu la ufunguo naliacha. Manesi wetu wanasema "upasuaji wa matundu" na wanaelewana, wala hakuna anayepasuliwa mlangoni. Kilichonikera ni hivyo vimelea.

Msomaji anajua kinachozungumzwa. Fibroidi ikishabanduliwa kwenye ukuta wa mji wa mimba haipiti nzima kwenye tundu la sentimita moja na kitu, hivyo hukatwakatwa humo humo tumboni kwa kisu kinachozunguka. Mara chache kipande huponyoka, kikajishika kwenye utando wa tumbo au kwenye kovu la tundu lenyewe, kikajipatia mishipa ya damu, kikakua. Huja kugunduliwa baada ya miaka, na wanaopatwa hawafiki 1 katika kila wanawake 100.

Sasa mwambie mmoja wao kwamba ana vimelea. Kwetu vimelea ni malaria na minyoo. Atauliza dozi ni ya siku ngapi, kisha atauliza vile vyombo vilichemshwa na nani. Naye hana mdudu wowote. Ana nyama yake mwenyewe iliyohama.

Watetezi wa kimelea hukimbilia Kiingereza, ambako jina hilo ni la tangu Kelly na Cullen wa Baltimore, mwaka 1909. Lakini madaktari hao walikuwa wakieleza fibroidi iliyokatika kikonyo yenyewe ikahamia kwingine, miongo mingi kabla ya kisu kinachozunguka. Na neno lao asili yake ni Kigiriki, parasitos, yaani anayekula mezani kwa mwenziwe. Hapo mwanaistilahi mmoja, mwepesi wa kuchapisha kuliko kufikiri, akaruka na "uvimbe mdoezi". Kwa haki, kudoea kumekikaribia Kigiriki kuliko kimelea, ambacho kinatokana na kumea tu. Ila mdoezi akishashiba hurudi kwao. Uvimbe huu haurudi.

Napendekeza, kwa mara nyingine, "uvimbe mlowezi". Kulowea ni kuhamia ugenini na kukaa moja kwa moja, hadi mgeni akaonekana mwenyeji. Na kwa kuwa Kiswahili kilishasema mji wa mimba, aliyetoka mjini akaweka makazi kwingine aitwe nani? Kikaoni niliambiwa neno linanuka siasa, eti linakumbusha mashamba ya Wazungu katika nyanda za juu za Kenya. Linakumbusha, naam, na ndiyo maana halihitaji kufafanuliwa. Pendekezo langu halikuingizwa hata kwenye kumbukumbu za kikao.

Matumizi: uvimbe mlowezi, wingi uvimbe walowezi. Lisitumike kwa saratani iliyojificha ndani ya fibroidi ikatawanywa na kisu hicho hicho. Hilo ni jambo jingine, zito zaidi, na ndilo lililoifanya mamlaka ya dawa ya Marekani itoe onyo mwaka 2014, kisha baadaye ihimize ukataji ufanyike ndani ya mfuko maalumu. Mfuko huo kipeperushi kinauita "kizuizi-hifadhi cha tishu". Ni mfuko.